Kubishana mpira kwa hoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Maswali haya yanarudi kila wiki: Makoroboi, ndani ya daladala za Igoma, Mwaloni Kirumba sangara wakipimwa asubuhi, na kwenye makundi ya simu usiku baada ya mechi. Tumeyakusanya kwa sababu mabishano mengi mazuri yanaharibika kwa kukosa vitu vidogo vya kuanzia. Kila jibu linajitegemea, na pale linapohitaji jingine utaelekezwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Nianzie wapi ninapotaka kusema mchezaji kacheza vizuri au vibaya?

Anza na kazi aliyotumwa. Winga aliyeambiwa abaki juu kusubiri mpira wa kushtukiza hastahili lawama kwa kutorudi kukaba. Winga aliyepangwa kumsaidia beki wake hastahili sifa kwa chenga tatu na tobo moja, ikiwa krosi zote mbili zilizozaa mabao zimepita upande wake.

Kocha hatuoneshi karatasi yake, kwa hiyo inabidi tuisome uwanjani. Subiri timu ipoteze mpira, kisha angalia mchezaji wako anasimama wapi. Akisimama pale pale mara nne, mara tano, na benchi halimfokei, hayo ni maagizo. Akisimama kila mara mahali tofauti huku wenzake wanamnyooshea mikono, hapo unayo hoja ya kumlaumu.

Baada ya kazi, tazama aliyekuwa mbele yake. Beki wa pembeni aliyeachwa peke yake na winga hodari, bila kiungo wa kumfunika, akapitwa mara tatu, huenda amecheza mechi kubwa kuliko mwenzake wa upande wa pili ambaye hakujaribiwa hata mara moja.

2. Mbona namba 6 wetu simwoni kwenye mechi, lakini wachambuzi wanamsifu?

Kwa sababu kazi yake kubwa anaifanya akiwa hana mpira, na kamera ya televisheni inaufuata mpira. Hili ndilo chimbuko la nusu ya ugomvi wetu. Shabiki wa kibanda umiza anaona mchezaji mmoja na mita chache zinazomzunguka. Kiungo mkabaji anayeziba njia ya pasi kwenda kwa namba 10 (kiungo mshambuliaji) wa mpinzani hagusi chochote: pasi haipigwi, beki wa mpinzani anaurudisha mpira kwa kipa, na sisi tunasema mpinzani hana mipango.

Vitu vitatu vya kumtazama namba 6: anakwenda wapi beki wake wa pembeni anapopanda, anageuza shingo mara ngapi kabla ya kupokea mpira, na mpira ukipotea anachukua hatua ya kwanza kuelekea wapi. Mchukue dakika kumi tu, mtazame yeye, mpira uache uende. Ni mazoezi magumu mwanzoni kwa sababu jicho linavutwa na kelele.

Dawa ya kweli ni uwanja. Ukiingia CCM Kirumba usikimbilie chini karibu na mstari. Panda juu kabisa jukwaani. Kutoka kule unaona mistari miwili ya timu ikipanda na kushuka, unaona nafasi kati ya mabeki na viungo ikipanuka, unaona nani amechelewa kurudi. Mechi tatu za kukaa juu zitabadilisha namna unavyotazama hata mechi za kwenye luninga, kwa sababu utaanza kuuliza kamera isichokuonesha.

3. Wanasema timu inacheza 4-2-3-1, mbona uwanjani siioni?

Namba hizo, kuanzia mabeki hadi mshambuliaji, zinaeleza mahali wachezaji wanapoanzia. Timu inayoandikwa 4-2-3-1, ikikosa mpira, mara nyingi hugeuka 4-4-2: mawinga wanashuka kuwa sambamba na viungo wawili, namba 10 anapanda kusimama na mshambuliaji. Ikipata mpira, beki mmoja wa pembeni anapanda, mwingine anabaki, na nyuma unahesabu watatu.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha, mmoja akisema mabeki walikuwa watatu na mwingine wanne, na wote wakawa wameona sawasawa. Taja wakati: tukiwa na mpira, tusipokuwa nao, au sekunde chache baada ya kuupoteza. Ubishi mwingi utaishia hapo.

4. Kukabia juu (kumbana mpinzani karibu na goli lake) ni kukimbia sana?

Hapana. Ni kukimbia pamoja. Mshambuliaji anayemfuata kipa peke yake anapigiwa makofi, lakini kama viungo wake wako mita 30 nyuma, mpinzani anapiga pasi moja ya katikati na kazi yote imepotea. Ukiona hivyo usimlaumu mshambuliaji wala usimsifu. Tazama mstari wa mabeki: je, walipanda? Wasipopanda, ama kocha hakuwaambia, ama wanaogopa mpira wa nyuma yao kwa sababu hawana kasi. Sababu hizo mbili zinahitaji hoja tofauti.

## Takwimu na alama

5. Kiungo kapiga pasi kwa usahihi wa asilimia 92. Si ndiye bora?

Uliza pasi zilikwenda wapi. Mabeki wa kati wawili wanaopeana mpira wakati timu inaongoza watafika asilimia hiyo bila jasho. Namba 10 anayejaribu kupenyeza mpira nyuma ya mabeki atashuka hadi 70 na bado akawa ndiye aliyeifungua mechi. Linganisha viungo wa nafasi moja, kwenye mechi za hali moja. Vinginevyo asilimia inampendelea asiyethubutu.

6. Mabao tarajiwa ni nini, na kwa nini watu wanayaleta kwenye ubishi?

Ni makadirio ya ubora wa nafasi. Kila shuti linapewa thamani kati ya 0 na 1 kwa kuangalia mashuti mengi yaliyowahi kupigwa kutoka mahali kama pale: umbali, pembe, kichwa au mguu, na kadhalika. Penalti hupewa thamani inayokaribia 0.8, maana yake kati ya penalti kumi takriban nane huingia. Shuti la mita 30 hupewa thamani ndogo sana.

Ukijumlisha mashuti yote ya timu unapata kipimo cha nafasi ilizotengeneza. Timu iliyofungwa 1-0 ikiwa na 2.1 dhidi ya 0.4 ilicheza vizuri kuliko matokeo yanavyosema. Hapo kipimo kinasaidia. Lakini kwa mechi moja kinayumba sana: mashuti mawili yanatosha kukipindua. Kinaanza kuaminika ukikitazama kwa mechi nyingi mfululizo. Pia hakihesabu shambulizi hatari ambalo halikufika kwenye shuti, mfano krosi iliyopita mbele ya goli na mshambuliaji akachelewa kwa nusu hatua.

7. Programu ya simu imempa 7.4. Mimi nimempa 5. Nani sahihi?

Programu inahesabu matukio: pasi, mashuti, mipira iliyopokonywa, mabao. Haijui kazi aliyotumwa (swali la 1) na haioni mtu aliyeziba njia bila kugusa mpira (swali la 2). Wewe nawe una kumbukumbu ya kosa moja lililokuumiza. Andika sababu mbili za alama yako, ukitaja dakika. Ukishindwa kupata sababu ya pili, alama yako ni hasira.

8. Mfungaji bora ndiye mchezaji bora wa ligi?

Wakati mwingine ndiye. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza na mabao 21, Feisal Salum wa Azam akiwa na 19, na wote wawili wanaanzia nyuma ya mshambuliaji wa kati. Hao walikuwa wakitengeneza na kumalizia, na ubishi wa nani bora ulikuwa mtamu kwa sababu ulikuwa na mashiko pande zote.

Lakini hesabu peke yake haitoshi. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza walilingana kwa mabao 17 kila mmoja. Mayele alikuwa mshambuliaji wa kati wa kumalizia. Saido alikuwa kiungo anayepiga mipira ya kutenga na kugawa pasi. Mabao ni yale yale 17, wachezaji wawili wa namna tofauti kabisa. Ukitaka kuwalinganisha, tenga penalti kwanza, kisha uliza timu ingebaki na nini kama ungemtoa kila mmoja.

9. Samatta alishindwa England, kwa nini bado anaitwa mkubwa?

Mbwana Samatta alikuwa mfungaji bora wa pamoja wa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa TP Mazembe, akatwaa kombe hilo, kisha akawa bingwa wa Ubelgiji na Genk 2018/19. Alipoingia Aston Villa Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Alicheza mechi 14 za ligi akafunga bao moja, na lingine akalifunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Sasa tumia swali la 1. Genk walikuwa wanatawala mechi, mpira unamfikia ndani ya boksi mara kwa mara. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja na mshambuliaji wao alipokea mipira mirefu akiwa ameligeuzia goli mgongo. Unaweza kusema kazi hiyo haikumfaa, na hiyo ni hoja nzuri. Kusema alikuwa mbovu ni kufuta miaka mitano ya ushahidi kwa ajili ya miezi sita.

## Mbinu zinazozua ugomvi

10. Kupaki basi ni uoga?

Kushuka chini na kulinda ni mbinu halali, na timu ndogo ikikutana na kubwa mara nyingi ndiyo njia pekee ya busara. Swali la kuuliza ni kama timu inalinda kwa mpango: je, mistari miwili iko karibu, je, kuna mtu mmoja aliyebaki juu wa kupokea mpira ukiokolewa, je, mpira unasukumwa pembeni?

Mfano ambao hatujamaliza kuubishania kando ya ziwa ni Tanzania na Zambia, AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024. Simon Msuva alifunga dakika ya 11 kwa pasi ya Samatta. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi baada ya kadi nyekundu. Hemed Suleiman aliongoza benchi la Tanzania kwa sababu kocha mkuu Adel Amrouche alikuwa amefungiwa. Taifa Stars, timu yetu ya taifa, wakashuka, wakashuka, na dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mpira ulipigwa na Clatous Chama kutoka kona, Chama yule yule tuliyemzoea kwenye ligi yetu.

Wengi wanasema kosa lilikuwa kulinda. Mimi naona kosa lilikuwa aina ya kulinda. Timu yenye wachezaji 11 dhidi ya kumi ina faida kubwa mpira ukiwa unachezwa, kwa sababu kuna mtu mmoja huru kila wakati wa kupasiana. Kwenye kona faida hiyo karibu inakufa: wapinzani wanapanda wote wanaojua vichwa, nanyi mnarudi wote, na anayeruka juu zaidi anashinda. Ukishuka sana unaruhusu krosi, krosi zinazaa kona, na kona inamrudishia mpinzani ule usawa alioupoteza kwa kadi. Ulinzi ambao ungeifaa Stars siku ile ni wa kukaa na mpira, kuuzungusha, kuwachosha wale kumi. Mechi ya mwisho ikaisha 0-0 na DR Congo na tukatoka na pointi mbili. Bado inauma.

11. Kocha kafanya sabu, tukafungwa. Si kosa lake?

Huenda. Taja kilichobadilika uwanjani: nafasi gani ilifunguka, nani alikuwa anaifunga kabla ya pale. Kama bao lilitoka upande wa pili kabisa wa uwanja, sabu haihusiki. Kumbuka pia kwamba mchezaji hutolewa kwa sababu tusizoziona, kama paja lililoanza kuvuta au kadi ya njano iliyo karibu kuzaa nyingine.

12. Mechi ikiisha 5-1, kuna cha kuchambua?

Kuna kingi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ya kocha Miguel Gamondi iliifunga Simba 5-1. Watu wanaikumbuka kama mechi ya upande mmoja tangu filimbi ya kwanza. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1: Kennedy Musonda wa Yanga alitangulia, Kibu Denis wa Simba akasawazisha mapema. Mabao manne yalikuja kipindi cha pili.

Kwa hiyo swali lenye maana ni kilichotokea kati ya dakika ya 46 na bao la pili. Viungo wa Simba walianza kuchelewa kurudi, na Yanga wakaanza kupita katikati kwa kasi. Shabiki wa Simba anayesema kikosi kizima kilikuwa kibovu anajinyima jibu, na shabiki wa Yanga anayesema walitawala dakika zote anafuta kazi nzuri ya Gamondi kubadilisha mechi. Matokeo makubwa yanaandika upya kumbukumbu ya kipindi cha kwanza. Rudia kutazama kabla ya kuhukumu.

13. Uwanja unabadilisha tathmini?

Unabadilisha sana. Nyamagana na Kaitaba ya Bukoba zina nyasi bandia: mpira unakimbia, unadunda juu, na pasi ya chini inafika haraka. Kirumba ni nyasi za asili, na mvua za masika zikinyesha asubuhi mpira unakwama jioni. Kiungo anayecheza pasi fupi ataonekana mzito kwenye tope, na beki wa mipira mirefu ataonekana mfalme. Unapomlinganisha mchezaji wa Kagera Sugar na wa Pamba Jiji, weka mechi za nyumbani upande mmoja na za ugenini upande mwingine.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wageni kutoka Dar es Salaam wakichoka wengine wanasema ni hewa. Ni kisingizio chepesi mno. Urefu huo ni mdogo ukilinganisha na miji ambayo kweli inawasumbua wachezaji. Safari ndefu na ratiba iliyobana vinaeleza zaidi.

## Sheria

14. Yanga na USM Alger 2023 jumla ilikuwa 2-2. Kwa nini kombe lilikwenda Algeria?

Kanuni ya bao la ugenini. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers. USM Alger walikuwa na mabao mawili ya ugenini, Yanga moja. Wanaochanganyikiwa ni wale waliosikia kanuni imefutwa: UEFA, shirikisho la Ulaya, ndio walioifuta 2021; CAF, shirikisho la Afrika, waliendelea kuitumia. Fainali ya Simba 2025 haikuwa kesi hiyo: walifungwa 2-0 kule Berkane, Morocco, wakatoka 1-1 Zanzibar, jumla 3-1.

15. Mchezaji anaweza kuotea kwenye mpira wa kurusha?

Hapana. Haotei pia akipokea moja kwa moja kutoka kwenye kona au mpira wa goli, wala akiwa kwenye nusu yake ya uwanja wakati mpira unapigwa. Mikono haihesabiwi katika kupima kuotea, ya mchezaji wa ndani wala ya kipa.

16. Mpira umegusa mkono kwa bahati mbaya, kisha bao. Linakubaliwa?

Inategemea ni mkono wa nani. Mfungaji mwenyewe akiguswa mkononi na kufunga papo hapo, bao linakataliwa hata kama hakukusudia. Ukimgusa mwenzake kwa bahati mbaya, kisha mpira ukamfikia mfungaji, bao ni halali. Hilo lilirekebishwa 2021. Mashabiki wengi bado wanabishana kwa kanuni ya zamani.

## Wachambuzi na sisi

17. Mchambuzi ambaye hajacheza mpira ana haki gani ya kuchambua?

Haki ile ile aliyonayo anayeona vizuri na kueleza vizuri. Arrigo Sacchi hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, akaifundisha AC Milan hadi ikatwaa Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Aliyecheza ana faida yake: anajua uchovu wa dakika ya 80, anajua maneno ya chumba cha kubadilishia nguo. Msikilize huyo zaidi kwenye mambo hayo. Kwenye mistari na nafasi, mpime kila mmoja kwa hoja aliyoileta.

18. Mchambuzi kaisema vibaya timu yangu. Kala bahasha?

Huna ushahidi, usiseme. Tuhuma ya rushwa ni tuhuma ya jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa pia kusambaza taarifa za uongo. Kuna jambo kubwa zaidi ya sheria: ukishasema "bahasha", umekubali huna jibu la hoja yake. Kama alisema beki wako anapitwa kulia, leta dakika ambazo hakupitwa.

Wapo wachambuzi wenye mapenzi, na hilo linaonekana kwa kufuatilia: kosa lile lile wanalisamehe kwa timu moja na kulikaanga kwa nyingine. Onesha mifano miwili hiyo ukiiweka pamoja. Inatosha.

19. Kuita watu Utopolo (Yanga) au Makolo (Simba) ni matusi?

Ni utani wa jadi wa Simba na Yanga, na bila utani huo mpira wetu ungepoa. Mpaka uko pale unapohama timu na kumwingia mtu: mama yake, kabila lake, mwili wake, msiba wake. Mchezaji aliyekosa penalti ana watoto wanaosoma simu.

20. Mzee wetu anasema wachezaji wa Pamba wa zamani wangewala hawa wa leo. Nimjibu vipi?

Kwa shikamoo, kisha kwa maswali. Wazee waliokaa Kirumba miaka ya 1980 na 1990 wanabeba mechi ambazo hazina picha wala takwimu, na hiyo ni hazina. Muulize: mzee, beki yule alikuwa akisimama wapi? Walikuwa wakicheza na mshambuliaji mmoja au wawili? Nani alikuwa anapiga kona? Utapata mambo ambayo ubishi wa "nani bora" hauwezi kuyatoa.

Akikuletea ule ushindi wa 12-1 dhidi ya Anse Boileau ya Shelisheli, Kombe la Washindi Afrika 1990, usiudharau. Ni rekodi ya kujivunia. Muulize kwa heshima kuhusu mpinzani, kwa kuwa mabao 12 yanaeleza timu mbili kwa pamoja. Kisha muulize mechi ngumu kuliko zote aliyowahi kuiona Pamba ikicheza. Jibu la swali hilo ndilo litakalokufundisha kikosi kile kilikuwa na nini.

21. Kwa nini Mwanza tunabishana Simba na Yanga kuliko timu zetu?

Kwa sababu redio, magazeti na televisheni vimezifuata hizo mbili kwa vizazi, na kwa sababu timu zetu zimepanda na kushuka. Toto African walishuka. Mbao walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi 2017, wakafungwa na Simba 2-1 Dodoma, baadaye wakapotea Ligi Kuu. Alliance nao wakashuka. Pamba walikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20 hadi waliporudi msimu wa 2024/25 kama Pamba Jiji.

Hili linanigusa kuliko maswali mengine yote ya ukurasa huu. Tunaijua benchi ya Yanga hadi mchezaji wa 18, lakini ukiuliza kiungo mkabaji wa Pamba Jiji anatumia mguu gani, kijiwe kinanyamaza. Mchezaji wa Mwanza anacheza mwaka mzima bila mtu kumwambia ukweli kuhusu mchezo wake, mzuri au mbaya, kwa sababu sisi tunaomwona kwa macho tuko bize na timu tunazoziona kwenye kioo. Na uwanja uko hapa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata shabiki wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili aje Kirumba.

## Kesi za pembeni

22. Nilikuwa ziwani, nimesikiliza redioni tu. Naruhusiwa kubishana?

Ndiyo, kwa mipaka. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, na mechi za Ulaya zinaanza saa 4 au saa 5 usiku, kwa hiyo wengi kati ya Kayenze na Ukerewe wanaijua mechi kwa sikio. Mtangazaji mzuri anakupa mpangilio wa matukio, nani alikuwa na mpira na hali ya mechi. Hawezi kukupa nafasi za wachezaji wasio na mpira. Bishana kuhusu matokeo, mabadiliko na nyakati; kuhusu beki alisimama wapi, subiri uone marudio.

23. Mkeka wangu wa kubeti umechanika kwa sababu ya mchezaji mmoja. Si nina haki ya kumsema?

Pesa ni yako na hasira ni yako. Tathmini ya mchezaji haitoki kwenye mkeka. Mshambuliaji aliyekosa nafasi ya kukupa bao la tatu huenda alicheza mechi safi ambayo timu yake ilishinda 2-0. Kwenye mabishano, sema mapema kwamba uliweka pesa, watu wajue.

24. Kipa anapimwaje? Kafungwa matatu.

Tazama mashuti yenyewe: mangapi yalikuwa ya kuokolewa? Kisha tazama krosi alizotoka kuzichukua na zile alizobaki kwenye mstari. Kipa anayebaki mstarini anaweza kuonekana shujaa kwa kuokoa vichwa ambavyo visingepigwa kama angetoka. Mwisho, pasi zake akibanwa. Hapo ndipo makipa wengi wa ligi yetu wanatofautiana, na hapo ndipo hatuangalii.

25. Nimemwona kijana wa miaka 15 Nyamagana, ana kipaji. Nimrekodi nimsambaze?

Zungumza kwanza na mzazi au mwalimu wake. Wakikubali, usirekodi chenga peke yake. Rekodi dakika kumi mfululizo bila kukata, zikionesha anafanya nini akipoteza mpira, kwa kuwa kocha anayetafuta vijana anaangalia hapo. Usiandike shule yake wala mtaa anakoishi. Usimwite jina la nyota wa Ulaya. Mtoto wa umri huo akibandikwa jina hilo, kila pasi atakayokosea atachekwa nayo. Andika nafasi anayocheza, mguu anaoutumia na jambo moja analohitaji kujifunza, kisha mpelekee kocha wake kabla ya kuipeleka kwingine.